Kidole Chini ya Mstari

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua zako nimezipokea zote, na nakushukuru kwa kunikumbuka. Sisi tu wazima. Paa la darasa la tatu linavuja juu ya benchi la mbele, na watoto wamehamia nyuma kwa furaha, maana nyuma ndiko wanakonong'ona vizuri.

Darasa la Kilatini lina watoto wachache lakini wenye bidii. Mzazi mmoja alikuja ofisini akaniuliza, "Mwalimu Mkuu, hicho Kilatini mwanangu atakiongea na nani? Na marehemu?" Nikamwambia hatakiongea na mtu, kinamfundisha kulitazama neno taratibu, mpaka neno lenyewe liseme lilikotoka. Aliondoka akitikisa kichwa, lakini mtoto hakumtoa.

Unamkumbuka msichana niliyekueleza mwaka juzi, tunayemwita Kasuku? Alikuwa akisoma mbele ya darasa bila kukosea hata mara moja, hadi siku nilipompa kitabu nilichokivika jalada la kingine. Akasoma kwa sauti nzuri maneno ya kitabu cha jalada. Kumbe alikuwa amekariri kila kitu kwa kuwasikiliza wenzake. Sikumchapa. Nilimwandikia herufi kiganjani kwa kidole changu, moja baada ya nyingine, mpaka akasoma kweli. Siku ya Kusoma mwaka huu ni yeye atakayenifungulia Biblia. Desturi yetu ni ileile: mtoto anafungua popote apendapo, na Mwalimu Mkuu anasoma kabla ya wanafunzi, ili wazazi waone kwamba sheria ni moja kwa wote.

Kengele imelia. Nitaendelea nikirudi.

Sisi tu wazima. Paa la darasa la tatu linavuja juu ya benchi la mbele, na watoto wamehamia nyuma.

Msalimu mkeo na mjukuu wangu.

Baba yako


Tarehe 15 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua ya Baba. Ananiambia paa la darasa la tatu linavuja. Kisha, kama sikusikia, ananiambia tena, kwenye barua hiyohiyo, kwamba paa la darasa la tatu linavuja. Nimeelewa. Mimi ni fundi lifti, si fundi paa, lakini nimeelewa.

Nisichokielewa ni hiki. Nimemwandikia mara tatu nikimwomba jambo moja tu: ampokee mwanangu Maswali hapo nyumbani, asome shuleni kwenu. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake hazina mpangilio. Mimi naitwa wakati wowote mtu akikwama katikati ya ghorofa. Mtoto anashinda kwa jirani mbele ya televisheni. Ana miaka saba, na shuleni kwao wanamfundisha kukisia neno kwa kuangalia picha. Juzi kwenye kitabu chake kulikuwa na picha ya farasi, na chini yake pameandikwa "mnyama". Akasoma "farasi". Mwalimu akampa nyota. Nikamuuliza Maswali, "Umesoma au umeona?" Akanijibu, "Baba, kuna tofauti?"

Ndipo nikamkumbuka Baba na kile kidole chake chini ya mstari. Hakukuruhusu uruke hata neno moja, na ukimaliza anauliza, "Maana yake nini?" Mezani ukiomba chumvi, "Maana yake nini?" Tulikuwa tunacheka, lakini mimi leo nikishika mchoro wa mashine ya kigeni nausoma kwa kidole kilekile.

Nataka mwanangu apate hicho. Baba hasemi ndiyo wala hapana. Naona bado hajanisamehe kuacha chuo cha ualimu. Basi aseme. Lakini wewe usinisemee, tafadhali. Ulinisemea wakati ule, na tangu hapo kila neno langu linapitia kwako. Safari hii nataka jibu la mkono wake.

Mdogo wako


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenikataza kukusemea, nami nimetii. Nilimuuliza tu wakati wa chai, "Baba, umemjibu mdogo wangu?" Akasema, "Barua zake ninazo," akachukua fimbo ya ubao akaenda darasani. Fimbo aliisahau mlangoni, na mlango wenyewe aliugonga kwa bega la kulia. Siku hizi anagonga milango sana. Nimeandika hilo kwenye shajara yangu, maana si mara ya kwanza.

Usidhani ni wewe tu. Na kwangu amebadilika. Gazeti anawasomesha wanafunzi kwa sauti na yeye anasikiliza. Anasema ni zoezi la matamshi. Somo la ibada ya asubuhi amenikabidhi mimi, eti watoto wazoee sauti ya mwanamke. Nilifurahi kwa hilo, nikadhani amelainika uzeeni. Mtihani wa darasa la tano alinipa nimkagulie, yeye ambaye hakuwahi kukubali mtu aguse karatasi yake.

Kilatini anakifundisha vizuri kuliko zamani. Anatembea kati ya madawati, kitabu kimefungwa chini ya kwapa, anawaimbisha vitenzi hadi vioo vinatetemeka. Jana aliwaambia, "Mtu asiyesoma anaamini kwa mdomo wa mwenzake. Shule hii ilijengwa na Walutheri waliokataa jambo hilo. Walitaka mkulima na mfuaji nguo wafungue kitabu wenyewe, na wamwambie mchungaji, hapa umekosea."

Mvumilie. Hajakukataa. Kama angekukataa angekuandikia kwa vipengele.

Dada yako


Tarehe 8 Machi

Baba,

Nilikuomba umpokee Maswali. Nilikuomba mara tatu. Umenijibu habari za paa.

Nimechoka kusubiri. Kama mwanangu hafai kukaa kwenye benchi zako kwa sababu baba yake alichagua spana badala ya chaki, sema hivyo. Wewe uliyetufundisha kwamba kila swali lina jibu lake, umelikalia langu. Kama huwezi kunijibu, usiniandikie tena.

Jioni hii nimemfundisha Maswali mwenyewe, kidole chini ya mstari. Sijui njia nyingine, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha na sijawahi kuona iliyo bora.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama uko juu ya hiyo mitambo yako, shuka.

Jumatatu nilikuwa chumba cha walimu nasahihisha. Kasuku akaingia, akasimama karibu na kabati.

"Mwalimu, nataka kukuambia kitu, lakini usinipige."

"Nimewahi kukupiga lini?"

"Hujawahi. Nimetanguliza tu." Kisha akasema, "Mwalimu Mkuu anafanya kama nilivyokuwa nafanya mimi."

"Anafanya nini?"

"Anasoma bila kusoma. Anamwacha mwenzake aanzishe, halafu yeye anamalizia. Akipewa karatasi anasema miwani ameiacha nyumbani. Na miwani anayo puani."

Nilimwambia ashike adabu yake. Nilimfukuza, nikaendelea kusahihisha, nikajikuta nimempa mtoto mmoja alama kwenye ukurasa mtupu.

Wakati wa chai nilichukua kipande cha karatasi nikaandika: "Baba, nyumba yetu inaungua." Nikampelekea ofisini. Alikipokea, akakitazama kwa makini kama anavyotazama kila kitu, akakunja paji la uso. Akasema, "Vizuri. Kiweke hapo mezani."

Nilisimama pale. Nilisikia watoto wakirukaruka nje, nikawa nashangaa kwamba bado wanaruka.

Kesho yake nilimpeleka hospitali kwa kisingizio cha kugonga milango. Alikubali bila ubishi, na hilo lilinitisha zaidi. Daktari ni binti mdogo. Alimpa kalamu, akamwambia, "Mzee, niandikie sentensi yoyote." Baba akaandika haraka, kwa mwandiko ule unaoujua, usiopinda: "Paa la darasa la tatu linavuja." Daktari akakunja karatasi, akamuuliza amekula nini asubuhi, ana watoto wangapi, mkubwa ni nani. Akajibu yote. Kisha akaikunjua ileile karatasi akamwekea mbele.

"Nisomee, mzee."

Baba aliitazama muda mrefu. "Hii ni lugha gani?" akauliza.

"Unadhani nani ameandika?"

"Ni mkono wa mtu aliyesoma," akasema. "Lakini simjui."

Daktari anasema mshipa mdogo uliziba nyuma ya ubongo. Nimetafuta kwenye shajara, nadhani ni wakati wa likizo, siku ile aliyolala akiumwa kichwa mchana kutwa tukadhani ni joto. Macho yanaona, ila upande wa kulia umefifia, ndiyo maana anagonga milango. Mkono unaandika. Njia ya kutoka kwenye jicho kwenda kwenye maneno ndiyo iliyokatika. Sikujua kwamba Mungu ameziweka mbali, kusoma na kuandika. Mimi ni mwalimu miaka yote hii, nikidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Tukiwa kwenye korido alisema, bila mimi kumuuliza, "Barua za mdogo wako nazifungua zote. Najua ni zake kwa jinsi mistari inavyopanda mlima."

"Kwa nini hukuniambia nikusomee?"

"Ningelazimika kukueleza kwa nini."

Basi kumbe hajui ulichomwomba. Hajawahi kujua. Zipo mezani kwake, zimefunguliwa na kulainishwa kwa kiganja, pamoja na moja iliyofika juzi. Sijazigusa.

Amenikataza kumwambia mtu yeyote mpaka aseme mwenyewe. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe si mtu yeyote, wewe ni mdogo wangu. Siku ya Kusoma ni wiki mbili zijazo. Nimemwomba aahirishe. Anasema haijawahi kuahirishwa.

Dada yako


Tarehe 28 Machi

Dada,

Barua yako imenikuta kazini. Sikushuka. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya lifti, ndani ya shimo lake, na taa ya kichwani. Abiria walikuwa wakinipigia kelele kutoka ghorofa ya nne, nami nikairudia kuanzia mwanzo.

Ile iliyofika juzi, ya tarehe nane, ichukue. Ichome. Usiisome na usimsomee. Nilimwandikia maneno ambayo hata adui hapewi. Nilimwambia kama hawezi kunijibu asiniandikie tena. Dada, niliandika "huwezi". Nilimaanisha hutaki.

Nimerudi kuipekua barua yake ya Februari. Paa, kengele, paa. Alirudi akakaa na karatasi yake mwenyewe mbele yake, asijue ameishia wapi. Akaanza upya kwa kubahatisha. Na mimi nikacheka nikamwonyesha mke wangu.

Suala la Maswali halijalishi tena, mtoto atasoma hukuhuku. Ichome tu.

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo. Nitakueleza kwa mpangilio, ili uelewe kwa nini nimeshindwa kufanya ulichoniomba.

Siku ya Kusoma ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa bodi alikaa mbele na mchungaji, wazazi nyuma, watoto pembeni na soksi zao zilizovutwa hadi magotini. Baba alivaa koti la kijivu. Asubuhi nilikuwa nimemwambia, "Nitasoma kwa niaba yako, tutasema una mafua." Akanitazama. "Maana yake nini?" akaniuliza. Nikamfunga kifungo cha koti.

Kasuku alipanda jukwaani na Biblia. Aliifungua mara moja, bila kubahatisha, akamwekea Baba. Nilikuwa karibu, nikaona ukurasa: zaburi anayoisema Baba kila asubuhi tangu tukiwa wadogo, ile anayoisema akinyoa ndevu. Mtoto huyu alikuwa ameitafuta mapema akaweka alama ya kucha. Akamnong'oneza namba ya zaburi. Nilimsikia. Moyo wangu ulitulia, nikiri. Nilisema, ameokoka, aseme tu.

Baba akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Huyu binti ana huruma," akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Amenifungulia mahali ninapopajua kwa moyo. Mwaka juzi nilimkataza kufanya hivyo. Siwezi kusoma. Tangu likizo siwezi kusoma neno hata moja, hata jina langu."

Watu wengine walicheka. Walidhani ni mfano, kwamba anaanza mahubiri. Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Anapenda mafumbo huyu mzee." Kisha kicheko kikakatika, safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma. Mwenyekiti wa bodi alisimama akakaa tena. Mchungaji alishika uso.

Baba akaendelea kwa sauti ya darasani. "Hapa mtoto hapiti mpaka asome mahali asipopatarajia. Sheria ni moja. Mimi sijapita." Akashuka jukwaani taratibu, bega la kulia likagonga nguzo, akaenda kukaa kwenye benchi la darasa la kwanza. Magoti yake yalifika kidevuni. Mtoto mmoja kibogoyo aliyekuwa pembeni yake akasogea kumpisha, akamuuliza, "Na wewe hujui?" Baba akasema, "Sijui." Mtoto akamwambia, "Usijali, wanaanza na a."

Hakuna aliyecheka hapo. Ilinibidi mimi nipande kuendesha mtihani.

Bodi imenikabidhi ofisi kwa sasa. Baba amebaki na Kilatini cha mdomo, na saa zinazobaki anasoma. Kasuku ndiye anayekaa naye. Ni yeye aliyegundua kwamba Baba akiifuata herufi kwa ncha ya kidole, juu ya wino, mkono unaitambua kabla ya jicho. Mkono wake haujasahau. Anachora herufi, anaitaja, anachora inayofuata, anaunga. Neno moja laweza kuchukua muda wa kuchemka chai.

Nilimpa kitabu cha darasa la kwanza. Alichora maneno mawili akakirudisha. "Hiki nimekifundisha maisha yangu yote. Nikijua neno la kwanza, mdomo unamaliza ukurasa. Nitajidanganya." Biblia vilevile. Katekisimu vilevile. Vitabu vyote vya nyumba hii, vyote, anavijua kwa moyo. Akasema, "Nileteeni kitu nisichokijua." Kisha akanyoosha mkono mezani, akachukua karatasi iliyo juu kabisa.

Ni barua yako ya tarehe nane. Alianza siku tatu kabla ombi lako halijafika. Leo nilijaribu kuichukua, nikamwambia wewe mwenyewe unaitaka irudi. Aliifunika kwa kiganja. "Ameiandika kwangu," akasema. Amenikataza nisimsomee wala nisimtazamie mbele, na Kasuku anatajiwa herufi tu, haonyeshwi maneno.

Amefika kwenye spana.

Dada yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako. Nimeanza mwanzo na nimemaliza mwisho, bila kuruka.

Mstari wa saba ulinichukua asubuhi nzima. Nilipopata "usiniandikie tena" nilidhani nimekosea herufi. Nikarudi nyuma nikachora upya. Nikarudi tena. Kasuku akaniambia, "Mwalimu, umepata, endelea," nami nikamwambia bado. Nilitamani sana niwe nimekosea. Sikukosea. Nikuambie ukweli: nilifurahi kusoma sawa, kisha ndipo nikaumia. Vilikuja kwa mpangilio huo.

Dada yako amenieleza kwamba uliomba ichomwe. Nashukuru kwamba posta ilichelewa. Ingechomwa, nisingefika mstari wa chini. Huo niliusoma mara moja tu, na Kasuku akatoka nje bila kuambiwa.

Umesema nisikuandikie tena. Nimekuelewa vizuri na nimekaidi.

Mlete Maswali. Jibu lilikuwa hilo tangu barua yako ya kwanza, ila sikujua kuna swali. Mwambie atanikuta kwenye benchi, si mbele ya ubao. Tutaweka vidole viwili chini ya mstari mmoja, chake na changu. Akitangulia, na atatangulia, anisubiri mwisho wa mstari. Na akiniuliza tofauti ya kusoma na kuona, sasa namjua mtu wa kumjibu.

Umeshangaa nimelijuaje swali lake hilo? Dada yako alinisimulia; ndilo jambo pekee kutoka barua ulizomwandikia yeye nililomruhusu anitajie, kabla sijamkataza. Barua zako tatu za mwanzo bado zipo mezani, nami sijui zina nini. Ukija, usiniambie.

Paa la darasa la tatu limezibwa. Nimeipitia barua hii kwa kidole kabla ya kuifunga, na paa nimelitaja mara moja.

Baba yako